Ziwa Michaelson, Mlima Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayojirudia kila msimu wa kupanda mlima unapokaribia: langoni, kwenye matatu za kwenda Chogoria, na katika vikundi vya watu wanaopanga safari. Mengine ni ya msingi, mengine ni ya mtu aliyekwishafika mara moja na sasa anataka kurudi kwa utulivu. Soma lile linalokuhusu. Pale jibu lilipo kwingine, utaelekezwa.

## Ziwa lenyewe

Ziwa Michaelson liko wapi hasa?

Liko upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ndani ya hifadhi ya taifa, kwenye sakafu ya Bonde la Gorges, katika mwinuko wa karibu mita 4,000. Njia inayolifikia ni ile ya Chogoria, Kaunti ya Tharaka-Nithi. Mto Nithi unateremka kutoka bonde hilohilo, unapita mashamba ya chai na kahawa ya Wamwimbi na Wachuka, na maji yake huishia Mto Tana.

Ikweta iko kaskazini kidogo tu ya hapo, lakini usijidanganye. Usiku maji ya kwenye chupa huganda.

Je, ni shimo la volkeno lililojaa maji?

Hapana, ingawa wengi hudhani hivyo kwa sababu mlima wenyewe ni volkeno iliyozimika zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Kreta ya asili ilishaliwa na mmomonyoko zamani sana. Vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) ni mabaki ya mwamba mgumu uliokuwa ukiziba koo la volkeno hiyo.

Ziwa ni kazi ya barafu. Wakati mlima ulipokuwa umefunikwa na barafu nzito, ulimi mmoja wa barafu ulishuka upande huu ukichimba mwamba kadiri ulivyosonga. Ndiyo maana bonde lina kuta zilizosimama wima na sakafu pana, badala ya umbo la herufi V ambalo mto hulichonga. Pale barafu ilipochimba zaidi pakabaki beseni la mwamba, na barafu ilipoondoka maji yakatuama. Ukisimama juu ya ukingo utaona ngazi ya mabeseni ya aina hiyo yakifuatana kuelekea vileleni. Michaelson ndilo linalovutia zaidi.

Michaelson, Ellis na Hall Tarns: si ziwa moja?

Ni sehemu tatu tofauti, na mkanganyiko huu umewapotezea watu siku nzima.

Ziwa Ellis liko chini zaidi, kwenye mwinuko wa karibu mita 3,500, katika uwanda ulio wazi. Ni pana, lina kina kifupi, na kiangazi gari lenye nguvu hufika karibu nalo. Picha nyingi za mahema kando ya maji tulivu, vilele vikiwa mbali nyuma, ni za Ellis.

Hall Tarns ni vijiziwa vilivyotawanyika juu ya jukwaa la mwamba kwenye mita 4,300 hivi, jirani na kibanda cha zamani cha Mintos. Hatua chache kutoka hapo jukwaa linakatika ghafla. Ukingo huo unaitwa Temple, na ukichungulia, mita 300 hivi chini yako, ndiko liliko Michaelson.

Kwa hiyo mtu akikwambia "tulilala Michaelson", muulize: juu au chini? Mara nyingi alilala juu, akaliona ziwa kwa macho tu.

Ndilo ziwa ambalo Mwanamfalme William alimchumbia Kate?

Silo. Tukio hilo la Oktoba 2010 lilikuwa upande wa Rutundu, kaskazini-mashariki ya mlima, kwenye maziwa ya Rutundu na Alice, ambako watu huenda kuvua trauti. Ni mlima uleule, ila njia tofauti. Usimlipe mtu anayekuahidi kukupeleka Michaelson "kuona pale pete ilipotolewa".

Barafu ya mlima ikiisha, ziwa litakauka?

Barafu ya Mlima Kenya inakwisha kweli. Lewis, iliyopimwa kwa muda mrefu kuliko nyingine zote mlimani hapa, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Lakini Lewis inateremkia Bonde la Teleki, upande mwingine kabisa. Michaelson linalishwa na mvua, ukungu, theluji inayoanguka na kuyeyuka siku hiyohiyo, na maji yanayochuja taratibu kutoka kwenye nyasi na udongo mweusi wa bondeni.

Kwa maoni yangu kinachotishia maji ya upande huu zaidi ni moto. Nyasi na vichaka vya juu viliungua vibaya mwaka 2012 na tena 2019. Udongo ule hunyonya mvua na kuiachia kidogokidogo. Ukiungua, mvua inateremka yote kwa mkupuo na kuwaacha walio chini na matope leo, ukame kesho.

## Kufika

Nafikaje kutoka Nairobi?

Panda matatu za kwenda Meru kupitia Embu na Chuka, ushukie Chogoria. Kutoka mjini hadi lango la hifadhi ni zaidi ya kilomita 20 za barabara ya msituni, kwanza podo na miti mingine mikubwa, kisha mianzi. Kiangazi ni vumbi na mashimo. Mvua ikinyesha ni utelezi mtupu, na hapo ndipo Land Rover kuukuu za Chogoria zinapopata heshima yake. Bodaboda hupanda pia, lakini ukiwa na mkoba wa kilo 15 mgongoni utashuka kusukuma.

Lango liko kwenye mita 2,950 hivi, na mabanda ya kulala yako jirani nalo. Barabara inaendelea hadi mwisho wake kwenye mita 3,300 hivi. Kutoka hapo ni miguu.

Nitembee muda gani hadi ziwani?

Kutoka mwisho wa barabara hadi usawa wa Mintos, hesabu saa 4 hadi 6 kwa mwendo wa kawaida. Njia inapita kwenye mgongo wa kilima, bonde likiwa upande mmoja, na haishuki ziwani. Anayetaka kuyagusa maji lazima aache njia kuu na kuteremka mchepuko mkali wa mawe yaliyolegea. Kushuka si kazi, ila magoti yatalalamika. Kupanda tena kesho yake, kwenye hewa nyembamba, ndiko kunakowafanya watu waseme maneno wasiyoyasema nyumbani.

Inawezekana kwenda na kurudi siku moja?

Hadi Temple, ndiyo, kwa mtu mwenye miguu mizuri aliyelala langoni na kupelekwa na gari hadi mwisho wa barabara kabla ya mapambazuko. Hadi majini na kurudi, sishauri. Utafika saa sita mchana, ukungu ukiwa umeshafunika kila kitu, utapiga picha ya rangi ya kijivu, na utarudi gizani na kichwa kinakugonga.

Basi nipange siku ngapi?

Wanaopanda kwa njia nyingine, ile ya Sirimoni, na kushukia Chogoria huliona Michaelson wakiwa wamechoka. Wameamka usiku wa manane, wameona jua likichomoza kwenye kilele cha Point Lenana (mita 4,985), na sasa wanakimbilia chini wakiwaza chakula na kitanda. Wanasimama Temple dakika kumi, wanapiga picha, wanaondoka.

Fanya kinyume. Panda kwa Chogoria, lala langoni usiku wa kwanza, Ellis au mwisho wa barabara usiku wa pili, kisha ziwani usiku wa tatu, na ukiweza ongeza wa nne palepale. Siku hiyo ya ziada si anasa. Mwili wako unaihitaji ili kuzoea mwinuko (tazama swali la kichwa kuuma), na ndiyo siku pekee utakayoliona ziwa likibadilika kuanzia alfajiri hadi usiku bila mtu kukuharakisha. Kama unaendelea Lenana, utapanda ukiwa umepumzika. Kama huendelei, hujapoteza chochote. Kilele si lazima, hata kama shemeji yako alifika.

Ni miezi gani mizuri?

Januari na Februari, halafu Julai hadi Septemba. Masika ya Machi hadi Mei na mvua za Oktoba hadi Desemba huupiga sana upande huu, kwani upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi na kugonga mashariki na kusini mwa mlima kwanza. Hata kiangazi, asubuhi huwa safi na mawingu hupanda kutoka bondeni kabla ya saa sita mchana. Chochote unachotaka kukiona, kione kabla ya saa nne asubuhi.

## Ruhusa, malipo na watu wa kwenda nao

Nalipia wapi?

Kwa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya, linalosimamia hifadhi), kupitia eCitizen, tovuti ya serikali ya malipo, kabla ya kufika. Langoni hawapokei pesa taslimu. Ada ni ya kila siku unayokaa ndani na hutofautiana kwa raia, mkazi na mgeni, kwa hiyo angalia kiwango cha sasa wakati wa kulipa wala usitegemee cha rafiki yako wa mwaka juzi. Lipa wakati mtandao bado ni mzuri, yaani mjini.

Naweza kwenda peke yangu?

Hapana. Hifadhi haimruhusu mtu mmoja kuingia mlimani bila mwenzake au mwongozaji. Hata bila sheria hiyo, mchukue mwongozaji wa Chogoria. Ukungu ukishuka kwenye ule mgongo wa kilima, njia inapotea ndani ya dakika chache, na upande mmoja ni genge.

Wapagazi wanahitaji nini kutoka kwangu?

Mkataba unaoeleweka kabla ya kuondoka: siku ngapi, mzigo wa kilo ngapi, chakula cha nani, malipo lini. Mwambie mapema kama mtalala ziwani, maana mteremko ule na mzigo ni kazi nyingine kabisa kuliko kufika Mintos. Angalia pia wanalala wapi na kwa blanketi gani. Nimeshaona kikundi kizima ndani ya mifuko ya kulalia ya manyoya, na mzee aliyewabebea akijikunja chini ya turubai na koti la mtumba. Safari ya namna hiyo haina sifa hata ikiwa na picha nzuri namna gani.

## Mwili na baridi

Kwa nini kichwa kinauma hata kabla ya kufika?

Kwenye mita 4,000 kila pumzi unayovuta ina karibu asilimia 60 tu ya oksijeni unayoipata pwani. Mwili unaweza kuzoea, ila unadai muda. Kichwa kuuma, kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu ni dalili za ugonjwa wa mwinuko wa kiwango cha chini. Hapo usipande zaidi. Pumzika, kunywa maji, kula hata kidogo, ungoje zipungue.

Kuna dalili zisizongojewa. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganya maneno, kukohoa makohozi yenye povu, au kutweta akiwa amekaa tu, mteremsheni mara moja, hata kama ni usiku. Hapa ndipo ziwa lina mtego wake: ukiwa sakafuni mwa bonde, njia ya kawaida ya kurudi huanza kwa kupanda. Ndiyo sababu mtu ambaye tayari hajisikii vizuri Mintos hapaswi kuteremshwa ziwani "akapumzike". Arudishwe Ellis.

Dawa ya asetazolamaidi husaidia baadhi ya watu kuzoea, lakini zungumza na daktari kwanza, na usiitumie kama leseni ya kukimbia.

Natoka Mombasa (au Dar, au Zanzibar). Nitaweza?

Utaweza, ukikubali kwamba unaanzia sifuri kwelikweli. Mtu wa Nairobi au Nyeri tayari anaishi juu ya mita 1,600; wewe jana ulikuwa ufukweni. Ongeza usiku mmoja Chogoria mjini na mmoja zaidi langoni kabla ya kuendelea. Ukifika kwa treni asubuhi na kuunganisha moja kwa moja hadi juu, usilaumu mlima.

Waliopanda Kilimanjaro na kulala Mawenzi Tarn, kwenye zaidi ya mita 4,300, watajua mwili wao unavyoitikia. Michaelson ni chini kidogo ya hapo.

Nibebe nguo gani?

Nguo za tabaka. Ndani kitu kinachokauka haraka, katikati sufu au flisi, juu koti lisilopitisha mvua na upepo. Acha jinzi nyumbani, kwani zikilowa zinakaa na baridi siku nzima. Si lazima utumie fedha nyingi. Katika masoko ya Gikomba na Toi, Nairobi, kuna makoti ya theluji ya mtumba mazuri kuliko mengi ya dukani, ukiwa na subira ya kuchambua. Kofia, glavu, soksi nzito mbili, na mfuko wa kulalia unaostahimili chini ya sifuri.

Usisahau mafuta ya kujikinga na jua. Wengi wetu huyadharau kwa kuwa ni weusi, kisha tunashuka pua zikibambuka.

Hema niliweke wapi?

Mahali pa kambi palipoelekezwa na KWS au mwongozaji. Ndani ya eneo hilo, chagua palipoinuka kidogo badala ya kandokando ya maji. Hewa baridi ni nzito, usiku huteremka kutoka kwenye kuta na kutuama chini kabisa, kwa hiyo mita chache za mwinuko zinaweza kuwa tofauti kati ya umande na barafu juu ya hema.

Naweza kuogelea?

Watu huingia, wanapiga yowe moja, wanatoka. Maji ni baridi kiasi cha kukata pumzi, na pumzi zenyewe hapa ni za kubana. Kama ni lazima, ingia adhuhuri jua likiwaka, mahali unaposimama kwa miguu, mwenzako akiwa ukingoni na taulo. Mwenye matatizo ya moyo au shinikizo la damu aangalie tu. Sabuni marufuku, na wanaotawadha wachote maji kwenye sufuria na kuyamwaga mbali na ziwa.

## Maji, chakula na taka

Maji ya ziwa yananyweka?

Yachemshe au uyachuje. Yanaonekana safi kuliko ya chupa, lakini pimbi, ndege na watu wote wanayatumia. Kwa mwinuko huu maji hutokota yakiwa na nyuzi 86 au 87 tu za Selsiasi. Yaache yatokote dakika 3 nzima, yatakuwa salama.

Hiyo pia inajibu wanaouliza kwa nini maharage hayaivi: hayataiva. Beba ndengu zilizochemshwa nyumbani, tambi, uji, viazi vilivyokatwa vidogo. Ugali unawezekana, ila utahitaji subira na mpishi asiye na hasira. Kupikia ni jiko la gesi. Kuni na moto wa wazi haviruhusiwi.

Na choo?

Pale kilipo, tumia. Pale kisipo, nenda angalau mita 60 kutoka kwenye maji yoyote, chimba shimo la kina cha sentimita 15 hivi, ufukie. Karatasi ibebe urudi nayo. Kuna watu Tharaka-Nithi wanaokinga maji ya Nithi kwa ndoo.

Chupa za plastiki zinaruhusiwa?

Plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020. Beba chupa ya kudumu. Taka zako zote zinarudi nawe, hata maganda ya machungwa, ambayo kwenye baridi ile hayaozi upesi.

## Viumbe na mimea

Kuna wanyama hatari?

Hatari iko chini, msituni: nyati na ndovu, hasa alfajiri na jioni. Nyati hupanda hadi uwanda wa Ellis mara nyingine. Ziwani mgeni wako mkubwa atakuwa pimbi, mnene kuliko wa nyanda za chini, mwenye manyoya mazito na asiye na haya. Atafungua mkoba wako ukilala. Mamba na kiboko hakuna. Waliouliza, laleni usingizi.

Ile mimea ya ajabu ni nini, na kwa nini hairuhusiwi kuguswa?

Mirefu yenye shina nene na kichwa cha majani kama kabichi ni dendrosenesio. Majani yake yaliyokufa hayaanguki. Hubaki yameizunguka shina kama koti, yakiizuia isigande usiku. Wanaoyang'oa ili kuwashia moto au kujitandikia wanauvua mti nguo, na mti uliovuliwa hufa. Hukua polepole mno, hivyo ule unaokuzidi kimo ni mzee kuliko babu yako.

Lobelia ni ile iliyokaa chini kama bakuli la majani. Amka mapema, piga magoti, uangalie katikati yake. Utakuta maji yaliyokusanywa na mmea wenyewe, na juu yake kioo chembamba cha barafu. Chini ya kioo hicho maji hayajaganda, na ndani yake wamo funza wadogo wa visubi wakijinyonganyonga. Jua likifika, kioo kinayeyuka na majani yanafunguka. Baadaye ndege aitwaye chozi, mwenye rangi ya kijani inayong'aa, anakuja kutua kwenye ua refu la lobelia jirani.

## Mengineyo

Simu inashika?

Juu ya mgongo wa kilima, mara nyingine. Bondeni, usitegemee. Waambie wa nyumbani siku utakayorudi, na pakua ramani mapema.

Nikiumia, helikopta inakuja?

KWS ina kikosi cha uokoaji cha mlima huu, lakini helikopta haitui kwenye ukungu, na bonde hujaa ukungu kuanzia adhuhuri. Hesabu kwamba msaada wa kwanza ni miguu na machela. Bima inayotaja mwinuko wa zaidi ya mita 4,000 waziwazi ni bora kuliko ile inayosema "michezo ya nje" tu.

Watoto je?

Hadi Ellis, kwa mtoto anayeweza kusema wazi anavyojisikia, ni safari nzuri. Anayeshindwa kueleza kwamba kichwa kinamuuma asipandishwe zaidi ya hapo. Mporomoko wa mawe kwenye mchepuko wa kwenda ziwani si mahali pa kumbeba mtoto mgongoni.

Tunataka kufanya ibada kando ya ziwa. Inaruhusiwa?

Kwa jamii zinazouzunguka, mlima huu ni makao ya Mungu, na wapo wanaopanda kwa ajili ya maombi hadi leo. Ibada ya utulivu haimkeri mtu. Vipaza sauti, moto, mafuta ya kumwaga majini na sadaka za kuacha pale havikubaliki. Kikundi kikubwa kiarifu KWS kabla.

Na droni?

Bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA) na cha KWS, itabaki langoni.